Kipande cha Mkunjo

Asubuhi ile nilipovuta droo ya chini ya kabati la tatu, ngozi ya Lustika ilikuwa imesimama vinyweleo kwa baridi. Nasema ngozi yake, si yeye mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Makambako anafundisha watoto wa shule mpira wa wavu, hana habari. Kilichokuwa mbele yangu ni kipande cha ukubwa wa kiganja, kinaelea kwenye majimaji ambayo sisi wa kliniki tunayaita uji, kina mshono mmoja katikati. Na kilikuwa kinatetemeka. Watakuja watu wa vitabu waniambie ngozi isiyo na mtu haitetemeki. Waje Njombe mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, wavue shati kwanza, ndipo tuongee.

Naitwa Otilia Ngonyani. Nina miaka thelathini na moja ya unesi, na tisa ya mwisho nimeimaliza na ngozi pacha. Siku hizi sheria haimruhusu daktari kukupasua kwa hiari yako kabla hujaliona kovu lako kwa macho. Tunakuchuna chembe ndogo kama punje ya choroko pale utakapopasuliwa, tunaikuza wiki moja mpaka iwe kipande, tunakipasua na kukishona vilevile utakavyoshonwa wewe, kisha tunakiingiza kwenye kabati la kuzeesha. Humo siku moja ni mwaka mmoja. Siku ya kumi unaitwa, unaonyeshwa kovu lako la miaka kumi ijayo, unaamua. Kazi yangu ni kuangalia droo zisikauke, na sharti ni moja tu, hata mtoto angelikumbuka. Usiguse.

Niligusa. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nikianzia hapo utaniona mwehu.

*

Lustika Mwalongo alikuja kwetu mwezi wa tano, msichana wa miaka ishirini na minane, mrefu, mabega ya mchezaji, kifua kama ubao wa shule. Hilo la ubao alilisema mwenyewe, si mimi. Daktari wetu ni Eliuteri Kalinga, Mhehe wa Iringa, na kwa kuwa mimi ni Mngoni basi ni mtani wangu, hatuwezi kupishana mlangoni bila kutupiana neno. Siku ile alikuwa ametulia, anachora kwenye karatasi.

"Daktari, mimi nataka kifua," Lustika alisema. "Na nikijaliwa mtoto nataka kumnyonyesha. Vyote viwili."

Nikadakia, maana mdomo wangu hauna kufuli. "Mtaka yote hukosa yote, mwanangu."

"Sawa, mama. Niambie basi nianze kukosa kipi."

Nikacheka, nikampenda palepale. Baadaye akatueleza bila kuulizwa kwamba mama yake alifariki akimzaa mdogo wake wa mwisho, na yeye akiwa na miaka kumi na miwili ndiye aliyemshikia yule mtoto chupa mwaka mzima. Tangu hapo alijiapiza kwamba mtoto wake yeye hataonja maziwa ya kopo kama Mungu akimpa maziwa. Kuhusu kifua hakutoa sababu yoyote. Alisema anakitaka, basi, na Kalinga hakumuuliza zaidi.

"Kifuko cha kujaza titi kinahitaji mlango wa kuingilia," Kalinga alimwambia, akimgeuzia karatasi. "Milango yangu ni mitatu. Wa kwanza ni kwapani. Titi lenyewe halipati alama hata moja. Lakini natoka mbali, naingia na kamera, na wewe unainua mikono kutwa nzima."

"Na jezi zetu hazina mikono."

"Umeona. Wa pili ni ukingo wa chuchu, hapa rangi nyeusi inapokutana na rangi ya ngozi. Kovu linajificha vizuri sana kwenye mpaka huo. Ila njia za maziwa ndipo zinapopita, na mishipa ya fahamu pia. Wengi wananyonyesha baadaye bila shida. Wengine maziwa yanapungua, wengine chuchu inakufa ganzi. Wewe utakuwa wa kundi lipi sijui, na pacha hawezi kuniambia, yeye ni ngozi tu, hana maziwa."

"Na wa tatu?"

"Mkunjo wa chini ya titi. Hapo naona moja kwa moja ninachofanya, njia za maziwa sizigusi, na ikibidi miaka ijayo kubadilisha kifuko napita mlango uleule. Kovu linabaki chini, titi linalifunika ukisimama. Ukilala chali linaonekana."

"Mkunjo," Lustika alisema, bila hata kuvuta pumzi. Halafu akashika sikio lake. "Lakini shangazi yangu alitoboa sikio, kovu likavimba kama haragwe. Wakalikata, likarudi kubwa kuliko la kwanza. Daktari, mimi sitaki kubeba maharagwe mawili chini ya matiti. Hilo siliwezi. Bora nibaki ubao."

"Kama lipo kwenye damu yenu, pacha atasema," Kalinga alimjibu. "Ndiyo kazi yake."

Tukachuna punje tatu, ya kwapa, ya chuchu na ya mkunjo. Ya mkunjo ikapata droo ya chini.

*

Sasa turudi kwenye ile baridi. Kipasha joto cha droo ya chini kilikuwa kimekufa. Droo za juu zote ni vuguvugu safi, hiyo moja barafu. Nikampigia fundi, akaniambia yuko Mbeya, atafika baada ya siku tatu. Utaratibu unasema kipande kilichopigwa na baridi kinatupwa, mgonjwa anaarifiwa, kazi inaanza upya.

Nikakiangalia. Vinyweleo vimesimama wima, mshono umebana. Mimi nimewakanda wazazi wangapi maishani mwangu? Binti zangu wawili, wakwe zangu watatu, majirani sina hesabu. Mwanamke akishajifungua au kuumia mwili, kwetu anakandwa kwa maji ya moto. Hatuulizi bodi. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye birika. Nikachovya kitambaa safi, nikakikamua, nikakiweka juu ya mshono, nikakandamiza taratibu huku nasema pole, mwanangu, pole. Dakika tano. Vinyweleo vikalala. Nikafurahi jamani, usinicheke.

Nikarudia kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne fundi akaja, akabadilisha waya mmoja, akaondoka. Kwenye kishikwambi cha kabati niliandika kwamba kipasha joto kimetengenezwa, na la kitambaa sikuliandika. Niliona nikiliandika watakitupa kile kipande, na kilikuwa kimekaa vizuri sana.

Siku ya kumi tukamwita Lustika. Kalinga akamtolea cha kwapa kwanza, mstari mwembamba. Akamtolea cha chuchu, tukalitafuta kovu kwa taa na bado hatukuliona. Akavuta cha mkunjo.

Kovu lilikuwa nene kama kamba ya kiatu, jeusi, linang'aa, limepanda juu ya ngozi toka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Lustika alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Shangazi," alisema.

"Lakini hivi vingine viwili havijavimba," nilisema.

"Hutokea," Kalinga akasema. "Mtu yuleyule anavimba sehemu moja, nyingine havimbi. Mkunjoni kuna jasho, kuna msuguano wa sidiria, ngozi inavutwa. Pole, Lustika. Mlango huo umefungwa. Kwapani tulishakataa. Tuna ukingo wa chuchu, au tunaacha kabisa."

Akainama akakiangalia kile kipande kwa karibu. Mimi naangalia sakafu.

"Nitapita kwenye chuchu," alisema mwishowe. "Maziwa ni bahati, naweza kupata naweza kukosa. Hilo likovu ni hakika." Akasaini, akapangiwa siku ya tisa kutoka siku ile, akaondoka anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Nikabaki na droo. Na hapo ndipo akili iliponijia ile hesabu ambayo ingenijia tangu mwanzo kama ningekuwa nafikiri. Humo siku moja ni mwaka. Dakika tano zangu kwake zilikuwa saa thelathini. Nilikuwa nimekaa na kitambaa cha moto juu ya kidonda kinachojaribu kupona, nakisugua saa thelathini mfululizo bila kupumzika, mara tatu. Kidonda gani kisingevimba? Hata cha mtakatifu kingevimba. Nilikaa chini palepale kwenye vigae.

*

Usidhani nilikimbilia kusema. Mimi si malaika. Nilijiambia huenda ni baridi, si kitambaa. Nikajiambia huenda ni shangazi kweli, damu ni damu, na kama ni damu nitakuwa nimejifukuzisha kazi bure na msichana bado ana kovu lake. Nikajiambia wengi wanapita mlango wa chuchu na wananyonyesha, daktari mwenyewe alisema. Kila nikijiambia hivyo namwona msichana wa miaka kumi na miwili ameshika chupa. Nilijichukia, nakwambia ukweli.

Kesho yake mchana nikamkuta Kalinga kwenye chumba cha chai, anamenya yai.

"Mngoni," akanianza, "nimesikia kwenu panya hawazeeki. Wakifika ujana tu, sufuriani."

"Na kwenu Iringa mbwa analala macho wazi asije akaingia chunguni," nikamjibu, maana utani haukosi jibu hata ukiwa msibani. Halafu nikasema, "Daktari, kile kipande cha mkunjo cha Lustika nilikikanda."

Akaniangalia. "Ulikifanya nini?"

"Nilikikanda. Kwa maji ya moto. Asubuhi tatu."

Lahaula, alivyocheka! Yai lilimtoka mkononi. "Ulikikanda! Na uji wa pilipili manga ulikinywesha? Na kanga ulikifunga tumboni kisiachie? Mngoni wewe, utaniua siku moja, wallahi."

"Sikutanii," nikasema, lakini nilikuwa nacheka pia. Mtu akicheka vile mbele yako, uso wako unamfuata tu.

"Toka hapa kabla hujaniambia umekibatiza." Akaondoka na kikombe chake, namsikia korido nzima anasema "amekikanda, jamani, amekikanda."

Nikabaki peke yangu na lile yai sakafuni, na niseme lililonijia, hata kama ni aibu. Ilinijia raha. Nimesema. Nimemwambia mwenye mamlaka, kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kama hakuamini, hilo ni la kwake. Nilitembea na raha hiyo siku nane, na kila siku ilikuwa inapungua, kama sabuni ya kipande.

*

Siku ya tisa Lustika alikuja asubuhi, hajala, amefunga nywele kwa kitambaa. Alama za upasuaji huchorwa mtu akiwa amesimama, kwa sababu ukilala titi linahama. Kwetu nesi ndiye anayechora na daktari anakuja kuhakiki. Nikachukua kalamu ya zambarau, nikachora mstari wa katikati ya kifua, nikaweka nukta za usawa. Kilichobaki ni nusu duara chini ya chuchu ya kulia.

Mkono ukagoma. Nauambia nenda, hauendi.

"Mama Otilia, vipi?" Lustika akauliza. "Umeona uvimbe?"

"Sijaona kitu. Kuna nilichofanya."

Nikamweleza. Baridi, birika, kitambaa, dakika tano, saa thelathini. Sikumficha hata ile raha ya chumba cha chai. Alinisikiliza akiwa ameshika gauni la hospitali kifuani, na mimi nilikuwa nikiongea na kidevu chake, macho yake sikuyaweza.

"Ulikikanda kwa nini?"

"Kilikuwa kinasikia baridi."

Nilipomtazama machozi yalikuwa yameshafika shingoni.

"Mama. Juzi nimekaa na mchumba wangu nikamwambia huenda nisinyonyeshe. Nimelia, naye akalia. Tumeyazika hayo maziwa, tukainuka. Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Toka mbele yangu." Nikaweka kalamu chini, nikageuka. "Hapana, rudi. Usitoke! Kamwite daktari, uyaseme haya mimi nikiwepo."

Kalinga alikuja na kofia yake ya theatre kichwani, anapiga mluzi. Nikaanza, "Kile kipande nilikikanda," na kabla sijafika mbali nikaona mashavu yake yanaanza kupanda.

"Mngoni, hata chumba cha kuchorea? Mbele ya mgonjwa? Utani una mahali pake."

"Anasema kweli, daktari," Lustika akasema.

"Binti, humjui huyu. Wangoni hawa..."

Nikaona hapa maneno hayatanifikisha. Miaka tisa yote nimemzoeza asiniamini. Nikachukua kishikwambi cha kabati la tatu pale mezani, nikafungua ukurasa wa droo ya chini, nikaandika kwa vidole viwili jinsi ninavyojua. Tarehe tatu. Maji ya moto. Kitambaa. Dakika tano kila siku. Otilia Ngonyani. Nikabonyeza dole gumba, likasoma, likakubali. Nikampa.

"Daktari Kalinga," nikasema, na tangu tufahamiane sikuwahi kumwita kwa cheo na jina. "Utani hauwekewi dole gumba."

Alisoma. Mashavu yakashuka. Akafungua kumbukumbu za kabati, ambalo huandika kila droo inapofunguliwa, akaziona zile asubuhi tatu, droo ileile, na dakika za kufungua na kufunga. Droo nyingine hakuna iliyoguswa, na hapo nilishusha pumzi kidogo kwa ajili ya wagonjwa wengine. Yeye hakushusha. Alivua ile kofia.

"Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia."

"Nami nikakuuliza habari za uji wa pilipili manga." Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Nilikuwa karibu kumpasua mtu kwenye njia za maziwa kwa sababu nilicheka."

"Mimi ndiye niliyekanda."

"Nyamaza kwanza, Otilia." Alikuwa amekasirika kweli, masikio yamebadilika rangi. Akaandika chini ya maneno yangu: Niliarifiwa siku nane zilizopita, sikuchunguza. Akaweka dole gumba lake. Ndipo akamgeukia Lustika, akasimama kabisa, kama mtu anayeongea na mkubwa wake.

"Nisikilize. Leo hupasuliwi kana kwamba hili halikutokea. Una njia tatu. Naweza kuendelea leo kupitia chuchu kama ulivyosaini. Naweza kupita mkunjoni leo, bila kujua litavimba au la, ukikubali hatari hiyo. Au tunachuna punje mpya ya mkunjo, siku saba kukua, siku kumi kabatini, na mama huyu hataikaribia. Likizo yako itakwisha, najua. Uamuzi ni wako, na usinionee haya."

Lustika akajifuta uso kwa gauni. Akaniangalia mimi, si yeye.

"Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua," nikamwambia.

"Hata milele?"

"Hata milele, mwanangu."

Akatikisa kichwa, sijui kwa hasira au kwa nini. "Nitasubiri. Nataka kuona kovu langu mimi, siyo la mama huyu." Halafu akakaa kitandani ghafla, akaanza kucheka huku analia, kamasi na machozi pamoja. "Jamani, nina njaa. Sijala tangu jana."

Nikamletea chapati mbili na chai ya maziwa. Alizila zote bila kunishukuru, na nilikuwa nastahili.

*

Bodi ilinitoa kwenye makabati kwa miezi sita, ikanipeleka kufunga vidonda wodini. Nilitegemea kufukuzwa, kwa hiyo niliipokea kama zawadi. Siku kumi na saba zile nilizihesabu kama mfungwa. Kila nikikutana na Kalinga tulisalimiana tu, habari za asubuhi, nzuri, basi. Wenzangu wakadhani tumefiwa.

Siku ya kumi na saba akanitumia mtu. "Daktari anasema uje, usimame mlangoni, usiguse kitu."

Nikasimama mlangoni mikono nyuma. Lustika alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ukingo wa kiti. Kalinga akavuta droo, akawasha taa.

Sikuweza kuona kutoka pale nilipokuwa. Niliona migongo yao miwili imeinama, na nikaanza kusali rozari kwa vidole.

"Mbona lipo?" Lustika akasema.

"Lipo," Kalinga akajibu. "Sikukuahidi litakosekana. Limelala, halijavimba. Ni jeusi kidogo kuliko ngozi yako. Urefu wake sentimita nne. Baada ya miaka kumi hivi ndivyo litakavyokuwa."

"Ndilo hili tu?"

"Ndilo hilo."

"Hili naliweza," Lustika alisema, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu sokoni. Halafu akarudia kwa kelele, "Daktari, hili naliweza!" Akainuka, akageuka, akaniona mlangoni, na sijui alikuwa amekusudia nini lakini alinikumbatia akaninyanyua juu, mimi na kilo zangu themanini, mchezaji wa wavu yule. Nililia kama mtoto. Kalinga akafunga droo taratibu, akasema pembeni yangu, "Mngoni, shuka chini, huyo si farasi," na mimi nikajua nimesamehewa, angalau na Iringa.

Alipasuliwa Alhamisi, kupitia mkunjoni. Kalinga alitoka theatre akaja mpaka wodini kwangu, jambo asilolifanya, akasema njia za maziwa hakuzigusa hata moja, vifuko vimekaa, kila kitu shwari. Akaondoka kabla sijamjibu kwa utani, na nilikuwa nao tayari.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu yangu kumtoa bandeji. Nilinawa mara mbili. Akalala chali, nikambandua plasta polepole, akaomba kioo, nikamshikia. Alitazama mstari wa kulia, akatazama wa kushoto, bado mbichi wenye rangi ya zambarau, muda mrefu kiasi kwamba mkono wangu ulianza kuchoka.

"La goti nilianguka uwanjani," alisema. "La bega ni chanjo. Hili la kidevuni mdogo wangu alinirushia kikombe. La paji la uso hata sijui nililipata wapi. Nimejaa makovu, mama, na hakuna hata moja nililoulizwa." Akaweka kidole hewani juu ya ule mstari, bila kuugusa. "Hili niliulizwa."

"Mara mbili," nikamwambia.

Akapasuka kicheko, nami nikacheka, halafu ikabidi nimkataze asicheke sana kwa sababu mshono ulikuwa bado mchanga.